Kiuno cha Asubuhi

Kila asubuhi, mafundi wenzake wakiwa bado wanafunua cherehani zao, yeye alipanda juu ya kigoda nyuma ya pazia na kusimama wima. Kazi yake ilikuwa hiyo, kusimama. Karakana ile ilishona sketi za kuvaa ofisini, na kila sketi ya saizi ya kati ilibanwa pini na kurekebishwa mwilini mwake kwanza, ndipo nyingine zikatwe kwa mafungu. Walimwita Kipimo, mpaka jina alilozaliwa nalo likabaki kwa mama yake mdogo tu. Msimcheke. Kabla ya kigoda alikuwa chumba cha pasi, kule ndani kwenye mvuke, akikohoa hadi machozi yanamtoka. Siku mkataji mkuu alipopitisha futi kwenye viuno vya wanawake wote, akafika kwake na kusema, "Huyu, huyu hapa," Kipimo alihisi kama amefufuliwa.

Kilichomtesa ni tumbo. Aliamka limejaa, gumu, ukiligonga linalia kama ngoma. Gesi ilizunguka humo ndani ikitafuta mlango, na saa hiyohiyo ndiyo mkataji alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini tele mdomoni, pua karibu na kitovu. Sasa mtu aipeleke wapi? Dirisha hakuna, pazia limefungwa, na pini zimemzunguka kiasi kwamba akivuta pumzi ndefu anachomwa. Basi alijikaza kisabuni, jasho likimtiririka mgongoni, macho darini. Mchana alipata upenyo wa kwenda uani, na tumbo likanywea. Lakini mchana hakuna aliyempima.

Asubuhi moja mama yake mdogo, aliyekaa naye, alimkuta amejikunja kitandani akiugulia.

"Wewe, una mimba?"

"Mimba ya nani, mamdogo? Ni gesi."

"Basi si ujambe!"

"Nijambe saa ngapi? Nikitoka hapa tu, fundi ananikalia hapa." Akajigusa kitovu.

Mama mdogo hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Mchana kutwa huli, eti unaogopa kunenepa. Usiku unarudi na njaa, unabugia maharage bila kutafuna, unashushia kikombe kizima cha maziwa baridi, halafu huyo, kitandani. Hilo tumbo litaacha kujaa?"

Kuanzia siku hiyo akamshika kama mtoto. Chakula mapema, tena kidogo kidogo, na kutafuna. Maziwa ya usiku marufuku. Baada ya kula, watoke wote wawili wazunguke nyumba za jirani wakipiga soga. Alfajiri anywe maji ya uvuguvugu, alale chali, akumbatie magoti kifuani na kutulia hivyo. Mwanzoni hakuona tofauti. Halafu asubuhi moja, magoti kifuani, upepo ukatoka kwa kishindo, mrefu, hauna hata aibu. Mama mdogo akapiga makofi kule jikoni. Walicheka mpaka wakashikana mbavu, na Kipimo akaenda kazini mwepesi, anatembea kama aliyetua mzigo.

Asubuhi hiyo sketi ilimteremka hadi nyongani.

Mkataji alimtazama. Akapima, akapima tena, akageuza futi upande wa pili kana kwamba futi ndiyo inayomdanganya.

"Kiuno kiko wapi?"

"Kipi, fundi?"

"Kiuno changu." Alisema taratibu, na hapo ndipo Kipimo alipoogopa. "Karatasi zote za kukatia nimezichora kwa kiuno kile. Jumatatu mama mnunuzi anakuja kuangalia nikipima mbele ya macho yake. Sijui umefanya nini, wala sitaki kujua. Kirudishe. Ukishindwa, mvuke unakungoja kule ndani."

Angemwambia nini? Kwamba miaka yote miwili amekuwa akichora gesi?

Jioni, njiani, aliona jambo aliloliona kila siku bila kulitia akilini. Mwanamke mmoja anavuka barabara, mkono mmoja kiunoni anapandisha sketi. Mwingine kaibana kwa pini nyuma. Mwingine kafunga mkanda wa mwanamume. Zote sketi za karakana yao. Alikuwa akidhani ni mtindo. Uso ulimwaka, akatembea ukingoni mwa ukuta kama mwizi.

Jumapili usiku alipakua sahani ya maharage, akajaza.

"Unajitia ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe," mama mdogo alisema.

"Au unataka nirudi kwenye kikohozi, mamdogo?"

Mama mdogo alimwekea kikombe cha maziwa mezani kwa nguvu, yakamwagika. Kipimo alikula harakaharaka bila njaa, akaenda kulala palepale. Tumbo lilipoanza kupanda gizani alilia. Zamani lilimuuma tu, lakini sasa alishaujua wepesi, na maumivu yaleyale yalikuwa mapya.

Asubuhi futi ilikutana pale ilipotakiwa. "Hicho sasa!" mkataji alisema, akajaza pini mdomoni. Mama mnunuzi aliketi ndani ya pazia, magoti yake yakikaribia kugusa kigoda. Alivaa sketi yao, na kila alipojisogeza aliipandisha.

"Nguo zenu nazipenda, fundi," alisema. "Ila mimi hazinitulii kiunoni. Nimepunguza, nimeongeza, wapi. Nadhani ni mimi niliyeumbwa vibaya."

Hakuwa akitania. Mkataji aliguna kupitia pini. Tumbo la Kipimo likajinyonga, na maneno yakatangulia ujasiri.

"Si wewe, mama. Ni mimi. Hiki si kiuno, ni gesi. Asubuhi najaa, mchana nanywea. Jana nimekula maharage kusudi nijae. Mji mzima mmevalishwa tumbo langu la asubuhi."

Mkataji alitoa macho. Kupiga kelele hawezi, kinywa kimejaa pini, ikabidi azitoe mojamoja. Kabla hajamaliza, Kipimo alishashuka, kaishika sketi kwa mikono miwili, yuko uani. Akaegemea ukuta chini ya dirisha la chumba cha pasi, akaachia yote.

Ndani pasi zilinyamaza. "Pole, mwenzetu!" sauti moja ilisema, wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Mvuke ulikuwa ukitoka dirishani juu ya kichwa chake, na kifua chake kilishaanza kuwasha.

Mkataji alitokea mlangoni, pini kiganjani, uso kaukunja. Nyuma yake mama mnunuzi alikuwa akicheka huku anajifuta machozi. Mkataji alitazama dirisha, kisha akatazama kiuno cha Kipimo, ambako sketi ilianza kupwaya. Ufundi ukaishinda hasira, akainama, akapenyeza kidole ndani ya ukanda. Kikaingia. Akaongeza cha pili.

"Saa nane mchana uwe juu ya kigoda," alisema.

"Na kesho, fundi?"

"Kesho vilevile. Asubuhi sitaki hata kukuona." Aligeuka, akasimama. "Na hayo maharage, utafune."