Kijitabu cha Kwendea Harusini

Mshonaji alikuwa amekubali kumpiga picha mdogo wake siku ya harusi yake, na harusi ilikuwa kesho. Kila picha aliyojaribu kwa kamera ya kuazima ilitoka nyeusi kama masizi. Kwenye duka la vitabu alishika kitabu kinene cha upigaji picha, akakirudisha, roho juu juu.

"Utapigia wapi, dada?" akauliza muuza vitabu.

"Ukumbini, kwenye harusi ya mdogo wangu kesho. Taa zenyewe hafifu."

Muuzaji akampa kijitabu cha mfukoni, akamwonyesha ukurasa wa mwanga mdogo. "Hiki utakifungua kazini. Kile kinene utakisoma bibi harusi akishazaa."

Kesho yake alichungulia ukurasa ule nyuma ya mlango wa ukumbi, akarekebisha kamera, akapiga. Uso wa mdogo wake ukatokea kwenye kioo cha kamera, hata machozi yakaonekana. Akashusha pumzi.