Bosi wa Baba Yangu

Komeo la geti nilishalitengeneza. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, sikuhitaji kumwita mtu. Lilibaki kufungwa getini tu, na baba yangu angekuwa mfungwa kwenye nyumba yake mwenyewe.

Maisha yake yote baba alipaka rangi nyumba za watu. Alishastaafu zamani, lakini kila asubuhi alivaa ovaroli akatoka kwenda kazini. Mara ya mwisho tulimkuta ng'ambo ya barabara kuu, amekaa ukingoni mwa mtaro, amevaa kiatu kimoja. Dada yangu akaniambia, "Kaka, mfungie. Siku nyingine tutaletewa maiti."

Mimi nilikuwa nambishia. "Baba, huna kazi! Mama alishafariki!" Kila nikimwambia habari ya mama, anaisikia upya na analia upya.

Aliyenifumbua macho ni daktari wa kliniki, binti mdogo asiye na makuu. Alisema ugonjwa huu unaitwa Alzeima. Si uzee wa kawaida, wala si kurogwa. Seli za ubongo zinakufa kidogo kidogo, na huanzia pale panapohifadhi mambo mapya, ndiyo maana mambo ya leo hayakai. Mazoea ya mikono yapo sehemu nyingine, ambayo huchelewa kuguswa.

"Dawa ya kuuponya hatuna," alisema. "Ila usibishane naye. Mpe kazi anayoijua."

Kesho yake nikampa baba brashi na ndoo ya maji, nikamwonyesha ukuta wa uani. Nilijiona mjanja. Akachovya, akapitisha brashi mara moja, akanigeukia.

"We bosi, hii ni rangi au machozi ya samaki? Unawaibia wateja!"

Mke wangu alicheka mpaka akashikilia mlango. Mimi baba hakunijua, lakini rangi aliijua.

Nikakoroga chokaa, nikatia chumvi ili ishike, kama alivyonifundisha mwenyewe. Akaisugua kwa vidole, akaguna. "Sasa unaongea." Alipaka mpaka akachoka, akala, akalala. Geti hakulitazama. Asubuhi yake akaukuta ukuta mweupe pe.

"Nani kapaka hovyo hivi?" akasema, akaanza upya.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Ukuta umenenepa kwa chokaa. Mimi nimehamishia kazi zangu uani, nachomelea huku yeye anapaka na kuwatukana mafundi wote wa mji. Dada akija, baba anamwita mama mwenye nyumba, na dada anaitika.

Juzi aliweka brashi chini, akavua kofia mbele yangu.

"Bosi, nina shida. Nina kijana wangu nyumbani. Shule ilimshinda, na mdomo wake mchafu. Lakini mikono anayo. Mchukue, hatakuangusha."

Hajawahi kunisifu usoni, hata siku moja.

"Nimemchukua, mzee," nikamjibu.

"Asante sana. Ila usimwambie nimemsifu, atavimba kichwa."

Nikavaa miwani ya kuchomelea, na wala sikuwa nimewasha mashine.

Nilimpigia daktari kumshukuru, nikashindwa kueleza vizuri, nikakata simu. Halafu nikalichukua lile komeo, nikalikata na kulipinda, nikalifunga pale ukutani. Ndipo baba anapotundika ndoo yake.