Nani Alimfunga Kidevu

Mimi nikisimulia mchezo wa televisheni, hata aliyeuona anakuja kunisikiliza. Si majivuno, ulizeni mtaa mzima hapa Kondoa. Mwaka ule wa 2001 biashara ya mitumba ilimnyookea mume wangu Hasani, akafunga dishi juu ya bati letu, na kila Alhamisi sebule ikawa inajaa watu mpaka hupati pa kuweka kikombe. Tulikuwa tunafuata Faili la Lukindo, mchezo wa askari kanzu wa enzi za Mwingereza, mwembamba, mkali, hacheki hata akichekeshwa.

Mtu mmoja tu hakuja. Wifi yangu Khairat alikuwa eda. Kaka yangu Mrisho alikuwa amefariki mwezi wa pili, na mjane wake hatoki nje miezi minne na siku kumi. Na hakuna aliyempenda Lukindo kama yeye! Kwa hiyo kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, mimi na Anifa, binti wa jirani, tulikwenda kukaa naye chumbani kwake, nikamsimulia mchezo wote mwanzo hadi mwisho. Baadhi ya wakubwa walinung'unika kwamba mfiwa anasomewa Kurani, hasimuliwi michezo. Nikawaambia haya, njooni nyinyi mumlishe, maana siku niliyoanza kumsimulia ndiyo siku ya kwanza alimaliza sahani ya ugali.

Kilichokuwa kinamla ni jambo moja. Tulimwambia kwamba Mrisho alikwenda Busi kununua mbaazi, akazidiwa na homa akirudi, akaanguka njiani peke yake, wachunga ng'ombe wakamkuta ameshakata roho. Tangu hapo kila aliyeingia kumpa pole alikutana na swali lile lile: "Nani alimtilia maji mdomoni? Nani alimtamkia shahada?" Watu wanainamisha macho. Usingizi ulimpaa kabisa. Akifumba macho tu anamuona mumewe vumbini, anaita, na hakuna wa kuitika.

Na mimi nilijua. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Mrisho hakufia njiani. Alifia Busi, nyumbani kwa Batuli, mke wa pili aliyemuoa kwa siri miaka mitatu nyuma, na mimi dada mtu nilikula pilau ya harusi ile nikafuta mdomo. Khairat alikwisha kuapa kwamba siku atakayosikia ana mke mwenzie, anafunga virago anarudi kwao. Basi kaka yangu alipofariki nilimwambia Hasani kamlete, tumzike, na jina la Batuli lisitajwe. Nilijidanganya kwamba namwonea huruma wifi yangu. Uongo mtupu, nilikuwa nalinda jina la ndugu yangu.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza. Kulikuwa na kesi iliyokwenda wiki mbili. Wiki ya kwanza, tajiri mmoja wa ngozi anakutwa amekufa kando ya barabara. Kila mtu anasema kaanguka peke yake. Lukindo anachuchumaa, anamtazama, halafu anauliza swali moja tu. Mbona kidevu chake kimefungwa kwa kitambaa, vile tunavyomfunga maiti wetu kabla hajakakamaa? Nani alimfunga? Mchezo ukakatika hapo hapo. Ijumaa yake nilimsimulia Khairat kwa mbwembwe zote, nikavua hata mtandio nikajifunga kidevu changu kumwonyesha. Akakikazia macho kidevu changu. Nikadhani amenogewa.

Alhamisi iliyofuata ndipo nilipotokwa na jasho mbele ya wageni wangu. Lukindo anapita nyumba kwa nyumba mpaka anamkuta mwanamke mmoja, khanga yake imechanwa pindo. Ni mke wa siri wa yule tajiri. Tajiri aliugua kwake, akafa mikononi mwake, na ndugu wakambeba usiku kumtupa barabarani ili aibu isijulikane. Hapakuwa na muuaji. Sebule nzima wakapiga kelele, wengine wakapiga makofi. Mimi nikaingia jikoni nikasimama huko, nikajifanya natafuta sukari.

Ijumaa nilikwenda na mchezo wangu mwenyewe kichwani.

"Haya," nikaanza, "kumbe bwana, ni majambazi! Walimvizia, wakamnyonga, wakachukua ngozi zake zote. Lukindo kawakamata Saranda, wanapanda treni."

Anifa, masikini, mdomo wake hauna breki. "Lakini dada Stara, mbona si—"

Nikamfinya paja. "Wewe ulikuwa umesinzia. Nenda kaangalie chai."

Akatoka huku anajikuna paja. Khairat alikuwa amekaa juu ya mkeka, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi, amekonda mpaka huruma.

"Wifi," akasema, "majambazi hawamfungi mtu kidevu."

"Labda ilikuwa kamba ya kumnyongea," nikasema.

"Wiki iliyopita ulisema kitambaa. Tena ukasema kimefungwa fundo zuri utosini, kwa adabu. Ukajifunga na wewe nikaona." Akashika kidevu chake. "Anayemfunga mtu hivyo anampenda. Tena alikuwepo roho inatoka. Ukichelewa, mdomo haufungiki tena."

Nikaanza kukunja mtandio wangu. Mimi Stara, ninayejibu kabla hujamaliza kuuliza!

"Mrisho aliletwa na kidevu kimefungwa," akasema. "Nilimfunua uso kumuaga, nikaona kipande cha khanga ya manjano. Sina khanga ya manjano. Siku ile akili haikuwa yangu, nikadhani Hasani ndiye kamfunga. Juzi Hasani alipoleta unga, nikamuuliza nikiwa nyuma ya mlango. Akasema, 'Hapana shemeji, nilimkuta keshafungwa.' Halafu akakohoa, akaondoka mbio."

Mwanamume yule! Nilimwambia asitaje jina, sikumwambia asitaje kidevu. Na kipande kile mimi mwenyewe nilikiona, nikakiacha, kwa sababu kwetu maiti aliyefungwa kidevu ni jambo la kawaida kama mlango uliofungwa.

"Wachunga ng'ombe wanatembea na khanga, wifi?" akauliza. "Nieleze. Mchezo wa jana uliishaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamweleza. Nilianza na tajiri wa ngozi, nikafika kwa yule mwanamke mwenye khanga iliyochanika, na nilipofika hapo nikajikuta namtaja Batuli. Nikasema yote. Miaka mitatu, pilau, Busi. Nikamwambia Mrisho aliumwa siku mbili, homa ikampanda kichwani, akakata roho alfajiri.

Khairat aliweka viganja vyote viwili mkekani, kama mtu anayetaka kuinuka akashindwa. Machozi hayakumtoka. Niliogopa zaidi kwa hilo.

"Alimpa maji?"

"Alimpa. Kwa kijiko, usiku kucha. Alimweleza Hasani."

"Na shahada?"

"Alimtamkia, na Mrisho akaifuatisha. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwake."

Hapo ndipo alipolia. Sijawahi kusikia kilio kile, si siku ya msiba wala siku ya mazishi. Alilia mpaka Anifa akaja na birika akasimama mlangoni hajui aingie au atoke. Nikanyoosha mkono nimshike bega, akausukuma.

"Siku tisini na mbili," akasema. "Siku tisini na mbili namuona mume wangu anakufa na kiu barabarani. Na wewe unakaa hapo hapo ulipokaa, unanisimulia michezo."

"Nilifikiri utaumia, wifi."

"Ningeumia! Ningemtukana, ningemlaani, ningelala."

Akajifuta uso kwa ushungi. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na yeye yuko eda?"

"Yuko."

"Nani anakaa naye?"

Nikasema ukweli, kwamba hakuna. Kwao Batuli ni mbali, na sisi upande wa mume hatukupeleka hata kilo ya sukari, kwa kuwa kumpelekea ni kumtambua.

"Kesho kuna gari la Busi," akasema Khairat. "Utapanda. Utakwenda wewe mwenyewe, si Hasani. Umwambie, mwenzako Khairat anakupa pole na msiba. Umwambie nimesema ahsante kwa maji."

"Nitamwambia."

"Na wewe, Stara, ukirudi usiingie humu mpaka nikuite."

Hakuniita wifi. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nane za eda yake, na nilizimaliza zote nikiwa nje ya mlango.