Skrini ya Nje

Ngazi za kanisa zilikuwa kumi na saba, na goti la Bibi Asteria lilikataa hata ya kwanza. Akawekewa kiti turubaini, mbele ya skrini ya nje, akaambiwa harusi ataiona papo hapo. Bibi harusi alikuwa Fortunata, binti wa marehemu mwanawe Clemence, mjukuu aliyemlea mwenyewe tangu akinywa uji kwa kijiko. Kumkosa leo? Hapana.

Lakini skrini ilikuwa na wazimu. Picha ilirukaruka kama mbuzi aliyefungwa mguu. Mwanakwaya anafungua mdomo, anabaki hivyo hivyo, halafu ghafla ameshaketi.

"Na ya ndani?" Bibi aliuliza, akiipiga fimbo chini.

"Ya ndani inateleza kama maziwa, bibi," alijibu Kassimu, fundi kutoka Same mjini. Alikuwa ameinamia kompyuta juu ya meza, jasho likimtoka. "Mashine moja, skrini mbili. Sielewi."

Alibadilisha skrini, ya ndani akaileta nje. Ikaanza kurukaruka nayo. Akazima mashine, akaiwasha. Akazima ule msaada ambao kadi ya video, kifaa cha kuchora picha, huipa kompyuta, na sasa skrini zote mbili zikawa zinachechemea. Akaurudisha haraka.

Kengele ya kwanza ikalia. Bibi akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Ndani ya mashine kuna kadi mbili," Kassimu alisema. "Kubwa yenye feni, na ndogo iliyozaliwa nayo. Ile ndogo haiwezi kazi hii. Mzee, waya zote mbili ziko kwenye kubwa?"

Asubuhi vitu vilipandishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mkono na mzigo wake, na waya alizichomeka Mzee Melkizedeki, mume wa Asteria. Sasa alikuwa amekaa kando ya meza na wakwe kutoka Ndungu, suti imenyooka.

"Nimezichomeka mwenyewe," alisema. "Kubwa, zote mbili."

"Sawa, mzee."

Bibi akamtazama kijana. Macho ya Kassimu yalikwenda nyuma ya mashine, yakamgusa mzee, yakarudi haraka kwenye kioo cha kompyuta. Hakuwa ameitazama nyuma ya mashine hata mara moja. Angeanzaje kumkagua mwenye shughuli mbele ya wakwe zake?

Kengele ya pili. Watu wakasimama kumpokea bibi harusi.

"Geuza hilo sanduku, mwanangu," Bibi Asteria akasema.

"Mama Clemence!" mzee akafoka kwa sauti ya chini.

"Baba Clemence, miaka hamsini nakufungulia vifungo vya shati ulivyofunga upande. Leo nivumilie mimi. Geuza, Kassimu!"

Mkwe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Kassimu akageuza mashine. Waya mmoja ulikuwa kwenye kadi kubwa. Wa pili ulikuwa juu kabisa, kwenye tundu la kadi ndogo. Tundu la pili la kubwa lilikuwa limefunikwa kifuniko cha plastiki.

"Lilikuwa limezibwa," mzee alinong'ona. "Nikajua limeharibika."

Kassimu akang'oa kifuniko, akahamisha waya. Skrini ikawa nyeusi. Bibi akashika fimbo kwa mikono miwili.

Kisha mlango wa kanisa ukafunguka pale kiooni, na Fortunata akaingia, hatua kwa hatua, shela likipepea bila kukwama.

Mzee akainuka kwenda ndani. Akasita, akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mkewe.

"Angalia vifungo vyangu," akasema.