Nyaya za Kitsao Hazipindi

Kitsao alikuwa na ugonjwa mmoja tu maishani: hakuweza kuona waya uliopinda akanyamaza. Miaka ishirini na mitatu alifunga nyaya za makabati ya umeme bandarini, chini ya msimamizi aliyekata kwa koleo waya wowote usionyooka, bila kusema neno. Mazoea yana taabu. Hata kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwake Kuze aliifunga kwa pimamaji.

Basi alipoamua kumuundia mkewe amplifaya ya gitaa, tena ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, aliiunda vivyo hivyo. Ndani ya sanduku lake la bati kila waya ulikwenda sambamba na mwenzake, ukakata kona sawasawa, ukafungwa kwa uzi. Alimwita Dama aje kuona kabla hata hajaiwasha. Dama akaona, akasifu, akachomeka gitaa. Amplifaya ikavuma mmmm, na gitaa likazama humo humo.

"Yaimba yenyewe," Dama akasema. "Mimi wa nini tena?"

Jumapili Dama akaichukua hivyo hivyo kanisani kupigia kwaya, ikavuma tangu wimbo wa kwanza hadi sadaka. Oloo, mwalimu wa kwaya, hakugomba. Alisema tu kwamba ikivuma tena Jumapili ijayo, Dama atarudi kuimba nyuma na wenzake, na nafasi ya gitaa itashikwa na kinanda. Nafasi hiyo Dama aliingoja miaka sita. Aliitikia kwa adabu, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakumtania mumewe hata mara moja. Hilo lilimtisha Kitsao kuliko mvumo wenyewe.

Wiki nzima akatafuta mchawi. Alilaumu umeme wa mtaa, akalaumu friji ya jirani, akamlaumu aliyemuuzia valvu. Nyani haoni kundule. Jumamosi asubuhi alimeza fahari yake akamwita Jacinta, fundi wa redio mwenye kibanda uchochoro wa pili, rafiki wa mkewe.

Jacinta akapindua bati, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Shemeji, kazi hii ni nzuri mno. Ingekuwa yangu ningeitundika ukutani."

"Ahsante."

"Lakini ndiyo ivumayo. Nyaya hizi mbili za kupasha moto valvu, mbona umezinyoosha, tena ubavuni mwa waya uletao sauti ya gitaa? Umeme wake hautulii, waenda na kurudi, na kelele yake yaingia kwa jirani. Zisokote pamoja, kelele ya huyu ifutwe na ya mwenzake. Kisha zipitishe pembeni kabisa. Kwani mchoro ulioufuata haukusema?"

Mchoro ulisema. Kitsao alidhani ni maneno ya kuwafariji watu wasiojua kunyoosha waya.

Jacinta akaenda zake akicheka. Kitsao akachomoa plagi, akapima kwa mita mpaka akahakikisha umeme uliobaki ndani umekwisha, kisha akazifungua nyaya zake nzuri. Moyo ulimuuma, tusifichane. Alijaribu kuzisokota, lakini kila mzunguko alioupiga, vidole vyake viliunyoosha tena.

"Hebu nipa mimi, babake Joy," Dama akasema. Kazi yake ni kusuka nywele, na wateja humfuata toka Feri. "Shika ncha. Usitikisike, mteja."

"Polepole, waumiza."

"Wote husema hivyo."

Akazisokota zikabana, mwanzo hadi mwisho. Kitsao akazilaza kwenye pembe ya bati, akalehemu, akawasha. Valvu zikaanza kuwa nyekundu taratibu. Wakangoja. Kimya.

"Imekufa," Kitsao akasema.

Dama akagusa uzi mmoja wa gitaa. Sauti ikatoka safi, ikajaa chumba kizima. Kitsao alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, akasingizia moshi wa risasi ya kulehemu. Dama akaanza wimbo wa kesho, ule ule wa Jumapili iliyopita. Katikati kidole kikateleza, na kosa likasikika mpaka uchochoroni. Akaacha kupiga. Uso wake haukuwa na utani wowote.

"Wajua," akasema, "mvumo ule ulinisitiri. Jumapili nilikosea papa hapa, na hakuna aliyesikia. Kesho watasikia wote. Naogopa, babake Joy."

Kitsao, ambaye tangu azaliwe hajakubali kazi yake iambiwe ina kasoro, alitazama bati lake, akamtazama na mkewe.

"Wewe piga tu," akasema. "Ukikosea, nitasimama niseme ni mashine."