Matoka ya Mtaa wa Desemba

Watu wa Embu huuita Mtaa wa Desemba, na jina hilo halikutolewa kwa mapenzi. Ni nyumba kuukuu za mawe zilizojengwa na wazee wenye nazo, familia zao zije kupunga hewa ya mlima. Siku hizi wenyewe wako Nairobi. Mwaka mzima madirisha yamefungwa. Krismasi ikifika, wanamiminika na magari na mbwa wasiojua kubweka, wakijiita wenyeji.

Marcella aliwadharau wote, na zaidi kaka yake Muchangi, mmoja wa hao wa Nairobi. Marcella ndiye aliyebaki kulinda nyumba ya baba na kupalilia kaburi la mama, lililokuwa mpakani na jirani yao Gachoki. Hapakuwa na ua wala mawe ya kupimia. Palikuwa na matoka tu, yale maua ambayo wazee hupanda mpakani na kula kiapo, na hakuna mwenye akili timamu anayeyagusa.

Muchangi hakuwa na akili hiyo. Asubuhi moja ya Desemba alitoka na jembe jipya, kaptura nyeupe na mkewe Nelius wa kumpiga picha, akasema magugu yale yanauharibia sura mtaa wa kihistoria. Akaanza kuyang'oa, kuanzia langoni.

Marcella alimwona kutoka dirisha la jikoni, akacheka kimoyomoyo. Kaburi lilikuwa mbali, kule chini. Huyu, aliyeacha kwaya, akaacha mizinga ya nyuki, akaacha hata shule ya udereva? Malengelenge yatamrudisha kitandani kabla ya chai. Kumwonya ni kumpa heshima. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Akarudi kwenye chapati zake.

Jioni Muchangi aliingia amelowa jasho, viganja vimechubuka, anang'aa kama mtoto aliyevalishwa viatu vipya.

"Dada, leo nimemaliza. Hadi kule chini kwa mama. Sasa hapa panakaa kama kwa watu."

Chapati iliungua kwenye kikaango bila mtu kuigeuza.

Januari, magari yalipokwisha kuondoka, Gachoki alisimamisha nguzo na waya, kaburi likabaki upande wake. Marcella alipomwendea, alijibiwa kwa upole kwamba mama yao alizikwa pale kwa hisani tu; kama ipo alama inayosema vinginevyo, aionyeshe.

Alimpigia Muchangi simu, matusi yote yakiwa tayari mdomoni. Muchangi alimsikiliza, kisha akauliza kama mtu aliyeumia kweli, "Lakini dada, si ulikuwa dirishani ukiniona? Mbona hukuniambia?"

Marcella akakata simu.

Siku hizi akitaka kumpalilia mama, hupiga hodi kwa Gachoki.