Jenerali Aliyeogopa Jani

Jana, sikukuu yenyewe, saa nane mchana, niliota nimepandishwa cheo. Nimelala kitandani kwangu Tabata, nimevaa bukta na fulana ya uchaguzi uliopita, na mabegani pameshonwa nyota za jenerali. Sikushangaa. Niliona wamechelewa tu kunipa.

Kabla sijaenda mbali, mjue nililala na nini. Nililala na malaria na vitabu vitano vya historia ya vita. Mke wangu, Mama Aikande, alipanda basi na watoto tarehe ishirini na mbili kwenda Mwika, maana sisi Wachaga ikifika Desemba lazima tupande mlimani, na watu wa mjini hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Mimi nikabaki na homa yangu. Nikajipa zawadi ya vitabu, kwa sababu mgonjwa anahitaji kuliwazwa na hakuna mwingine aliyejitokeza. Vyote vinene, vya mitumba, vimejaa mahandaki, mizinga na majenerali wenye masharubu. Nikavilaza upande wa mke wangu. Jeshi ninalolijua mimi ni miezi mitatu ya JKT, na miwili kati ya hiyo nilikuwa jikoni nachambua mchele.

Jambo la pili la kujua ni mdogo wangu, Elinami. Kihamba cha marehemu baba, yaani shamba la ukoo, tuligawana nusu kwa nusu, na mpaka wake ni masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kutenganisha shamba na shamba. Miaka mitatu iliyopita Elinami alilalamika kwamba masale yamesogezwa upande wake. Mimi nikaapa mbele ya Mama, mzazi wetu, kwamba yako palepale alipoyapanda baba, na kwamba Elinami ana wivu. Ukoo ukamwamini mtoto wa kwanza. Tangu siku hiyo Elinami hali nasi mbuzi wa sikukuu. Anakaa upande wake anasikia tunavyocheka.

Sasa mwaka huu alileta ujumbe: siku ya pili ya sikukuu ataniletea isale. Kwetu mtu akikuletea jani la isale amekuomba msamaha, na msamaha huo haukataliwi. Ukilipokea, kesi imekwisha. Aliyelileta ndiye mkosaji, na hakuna atakayeuliza tena mpaka dunia iishe. Mtadhani nilifurahi. Habari hiyo ndiyo iliyonilaza.

Basi, ndotoni, kipimajoto kinachomoka kwapani kwangu na kusimama wima juu ya shuka. Ni Sajini.

"Thelathini na tisa nukta nne, Afande," anaripoti. "Na adui ameonekana."

Nikauliza wako wangapi. Akasema mmoja. Nikauliza ana silaha gani. Akasema jani.

Nikaamuru viongozi wa jeshi waitwe. Vitabu vikasimama kwa mstari upande wa mke wangu, vikapiga saluti kwa kurasa. Kile kinene kuliko vyote, ambacho jalada lake lilishang'oka kabla sijakinunua, ndicho Mnadhimu Mkuu. Anaongea taratibu kama mtu aliyeshiba. Chini kabisa ya ukurasa wake anaishi Tanbihi, yale maelezo ya herufi ndogo ambayo hakuna anayeyasoma. Ana ukubwa wa kunguni na amevaa miwani.

Mnadhimu Mkuu alinisifu sana. Alisema Jenerali amejiondoa uwanjani kwa mpango mzuri, akajichimbia ndani ya ngome ya homa, na adui hawezi kumkabidhi jani mtu aliyeko mbali kiasi hiki. Alisema ujanja huo utafundishwa vyuoni. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilikuwa nimeanza kufikiria sanamu yangu iwekwe wapi.

"Homa ilishuka siku ya pili," akasema Tanbihi kutoka chini, kwa sauti ndogo.

Nikasema mambo ya chini ya ukurasa yatasomwa baadaye, muda ukiruhusu.

Sajini akakohoa. Akasema, kwa heshima zote, Tanbihi anasema kweli. Mama Aikande alipouliza kama naweza kusafiri, Jenerali alimtumbukiza yeye Sajini kwenye kikombe cha chai. Ya tangawizi. Alifika arobaini na moja, na mpaka leo akikohoa anasikia tangawizi. Nikamkumbusha kwamba askari haruhusiwi kutoa ushahidi kuhusu chai.

Papo hapo nikasikia kugongwagongwa. Ni kwenye pakiti ya dawa. Vidonge kumi na viwili, askari wa akiba, kila mmoja chumbani kwake chini ya plastiki, wanauliza kwa nini hawajapelekwa vitani tangu siku ya pili. Nikawaeleza kwamba nilijisikia nafuu. Wakashauriana. Msemaji wao akasema wamefuatilia, na hata wale wadudu wa malaria walijisikia nafuu vilevile siku hiyohiyo.

Nikaona kikao kinaharibika. Nikaomba ramani.

Mnadhimu Mkuu akafungua ukurasa wa katikati na kunikaribisha nikanyage niuone mstari wa mbele. Nikakanyaga. Mguu ukazama kwenye maji baridi ya kutoka mlimani, baridi ile inayopanda mpaka kwenye meno. Niko Mwika. Nimesimama ndani ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia migomba, ambao ramani imeuandika handaki. Bukta bado ninayo. Natetemeka na nyota zangu mabegani.

Mbele yangu masale yamepangwa gwaride. Sajini anayakagua moja moja, yote yamenyooka. Anapofika kwenye matatu ya mwisho anasimama. Hayo yako nje ya mstari kabisa, ndani ya shamba la Elinami, yameinamisha majani kwa aibu.

Sajini akayauliza yanafanya nini huko. La kwanza likajibu kwamba wao hawakwenda kwa hiari. Walivushwa mpaka bila hati ya kusafiria. La pili likaongeza kwamba ilikuwa Jumapili, watu wote wako kanisani, na aliyewavusha alikuwa amevaa viatu vya ofisini na anahema sana.

"Namba arobaini na mbili," akasema Tanbihi. "Vyeusi, vya kamba."

Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa na bukta, fulana, na viatu vyeusi vya kamba.

Mahakama ya kivita ikakaa palepale. Jaji ni beberu mweupe wa sikukuu, atakayechinjwa kesho. Amekalia kigoda cha baba, miguu ameikunja vizuri. Akasema tufanye haraka kidogo, yeye kesho hayupo.

Mshtakiwa akaitwa. Nikanyanyua mguu nisogee, lakini aliyeitwa ni Elinami. Akatokea kati ya migomba, amevaa koti la kanisani, lile alilorithi kwa baba na mikono yake inampita. Ameshika jani la isale kwa mikono miwili. Sijamwona karibu hivyo kwa miaka mitatu. Ameota mvi masikioni, na hakuna aliyeniambia.

"Kaka," akasema, "Mama amezeeka. Anataka atuone tunakula sahani moja kabla hajaondoka. Nimekuja kuomba msamaha."

Jaji akamuuliza anaomba msamaha kwa kosa gani.

"Kosa lolote atakalosema kaka."

Hapo moyo wangu ulifanya kitu ambacho Sajini hakuweza kukipima. Nilitamani anitukane. Nilitamani aje na panga, na rungu, na wajomba zetu wote, vitabu vyangu vyote vinaeleza la kufanya mtu akija hivyo. Hakuna hata kimoja chenye sura ya mtu anayekuja kuungama dhambi yako.

Analeta jani. Na kwa kuwa isale halikataliwi, mikono yangu inaanza kunyanyuka yenyewe kulipokea. Naivuta chini, inapanda. Namwamuru Sajini aishike, naye anasema ana urefu wa kidole kimoja tu. Ikiligusa jani hilo, Elinami atakuwa mwongo maisha yake yote, na mimi nitakuwa nimemsamehe. Watu watanisifu kwa moyo mkubwa. Mama ataniombea.

"Rudi nyuma kwa mpango!" akaamuru Mnadhimu Mkuu.

Nikarudi nyuma. Nilijaribu kugeuka nikimbie kama watu, lakini amri ni amri, nikawa naweza kutembea kinyumenyume tu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, na mguu ukatumbukia kwenye shimo. Kando yake kuna la pili, na kando ya hilo kuna la tatu. Ni mashimo ya masale, udongo wake bado umelegea kana kwamba yameng'olewa asubuhi hii. Kiatu changu kilienea vizuri.

Mnadhimu Mkuu hakukata tamaa. Alinipa kalamu na ukurasa mweupe, akaniambia niandike mambo yalivyokuwa kwa namna nitakayoona inafaa, wao watachapa na kuweka jalada jipya. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: ELINAMI ANA WIVU. Herufi zikatulia kidogo, kisha zikaanza kuteremka. Zilishuka ukurasa mzima, zinapungua kila mstari, mpaka zikajikusanya chini kabisa zikiwa ndogo kama za Tanbihi. Zilipojipanga upya hazikuwa zile nilizoandika.

Tanbihi akanisogezea miwani yake. Haikunitosha. Ilibidi nilale kifudifudi kwenye tope, jenerali mzima, pua karibu iguse karatasi. Sajini akanipa mkonga wa simu ya vita, ile ya kuzungusha kwa mkono.

"Soma, Afande," akasema. "Walioko nyuma nao wanataka kusikia."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku niliyoapa. Nikasoma:

"Mimi Aminiel, mtoto wa kwanza, ndiye niliyeng'oa masale matatu na kuyapanda hatua nne ndani ya shamba la Elinami, Jumapili, yeye akiwa kanisani. Nilitaka gari langu lipate mahali pa kugeuzia, nisirudi nyuma mpaka barabarani mbele za watu. Halafu nikaapa mbele ya Mama. Elinami hakusema uongo hata siku moja."

 Upande wa pili wa simu nilisikia mtu anahema. Mikono yangu ilikuwa imeshuka.

Jaji akateremka kwenye kigoda, akamwendea Elinami, akalichukua lile jani taratibu kutoka mikononi mwake na kuanza kulitafuna. Akasema hilo halihitajiki tena. Alikula mpaka kwenye kikonyo, akajifuta ndevu, akafunga kesi.

Nikaamka.

Ilikuwa saa tisa na dakika chache. Nimelowa jasho, shuka lote liko sakafuni, na kile kitabu kisicho na jalada kimefunguka kifuani kwangu. Nikacheka peke yangu. Nikajiambia homa ni homa, na mtu wa umri wangu aachane na mahandaki asome habari za ufugaji wa nyuki.

Kisha nikahisi shavu linaungua. Simu ilikuwa chini yake, ina moto. Nikaitazama. Juu kabisa kwenye orodha ya waliopigiwa palikuwa na jina ambalo sijalipigia miaka mitatu: Elinami. Dakika kumi na moja.

Nilikaa. Nilijitetea kwanza, maana ndiyo kazi ninayoiweza. Nikasema ni kidole kimegusa bahati mbaya usingizini. Nikasema mtandao wa mlimani unasumbua, atakuwa hakusikia kitu, alisikia koromo tu. Nilikuwa bado natunga ulipoingia ujumbe wa Mama Aikande.

Aliandika kwamba Elinami alipoona jina langu alidhani nimezidiwa, akavuka mbio mpaka nyumbani kwa Mama, akaweka spika ili wote tuagane. Walikuwa mezani wote, Mama, shangazi, watoto. Aliandika kwamba nilikuwa naongea kwa sauti ndogo mno, ikabidi Mama asogeze sikio.  Mama alimaliza kusikiliza, akanyanyuka kwa mkongojo wake, akachukua sahani, akampakulia Elinami kabla ya watu wote, kisha akakaa pembeni yake akimshika mkono wa koti. Mama Aikande hakuandika jambo jingine, wala hakuniuliza hali.

Nililia, sitaficha. Nililia kwa aibu, na ndani ya aibu ile palikuwa na nafuu ambayo hakuna kidonge kilichowahi kunipa. Nilikuwa bado najifuta kwa fulana simu ilipolia tena, ujumbe, safari hii kutoka kwa Elinami mwenyewe:

"Kaka, isale nililokuandalia nilikuwa nimeliegesha mlangoni. Wakati tunakusikiliza, beberu wa kesho amelila lote, hata kikonyo hakubakiza. Sasa njoo na la kwako."